Injini ya Vyumba Vitatu

Shemeji yangu watu walimwita Vyumba Vitatu, na aliyeanza kumwita hivyo ni mimi. Nalisema mwanzoni kabisa ili usije ukanihurumia kabla ya wakati.

Ni mume wa dada yangu. Kazi yake ni kutengeneza pampu za maji: za mashambani, za visimani, za majengo marefu ambako maji hayapandi yenyewe. Mimi nakereza vyuma. Nina mashine kubwa inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Niletee mchoro wenye vipimo, nitakutolea kitu chenyewe. Kwa hiyo tulitegemeana. Pampu ikimshinda anakuja kwangu, napiga kelele mpaka majirani wanadhani tunagombana, kisha tunakula sahani moja. Kelele zote zilikuwa zangu. Yeye ni mtu mwembamba, mkimya, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata akiwa amelala chini ya injini. Siku dada alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilimnong'oneza, "Huyu umemtoa mahakamani au wapi?" Akanifinya.

Kilichomsumbua mtu huyu ni joto. Injini ya dizeli ikifanya kazi nusu saa, litemee mate bomba lake la moshi uone yanavyochemka. Mimi na wewe tunasema ndivyo injini zilivyo, tunaendelea na maisha. Yeye alikuwa anaumia, kama mtu anayeona bomba la maji limeachwa wazi na hakuna anayefunga.

"Shemeji, huo moto tumeununua," aliniambia. "Mbona tunaufukuza kabla haujamaliza kazi?"

Akanieleza, na alinieleza vizuri, siwezi kusema sikuelewa. Injini ya kawaida ni kama nyumba ya chumba kimoja: humo humo unapika, humo humo unaoga, humo humo unalala. Silinda ile ile inabana hewa, mafuta yanawaka ndani yake, na ndani yake moto unatanuka na kusukuma pistoni. Hakuna kazi inayopata nafasi yake. Yeye alitaka kuzitenganisha. Silinda ndogo ibane hewa tu, ikae baridi. Hewa ikishabanwa iende chumba cha pili, cha chuma kinene, mafuta yawake humo taratibu bila kukoma. Kisha moto uingie silinda ya tatu, kubwa kuliko ile ya kwanza, utanuke na kusukuma mpaka uchoke kabisa, utoke nje hauna nguvu hata ya kuunguza kidole.

"Vyumba vitatu!" nikapasua kicheko. "Na wewe mwenyewe unalala kimoja, na mke na watoto wanne!"

Karakana nzima ilicheka, na yeye akacheka pia. Jina likashika hapo hapo.

Usidhani nilikuwa adui yake. La hasha! Miaka minne alichora na kupiga hesabu katika madaftari ya shule ya watoto wake, na kila Jumamosi mchana nilikuwa namkerezea kipande kimoja baada ya kingine. Niliipenda ile injini. Nilikuwa najipiga kifua kwa wateja: njooni muone tunachotengeneza mimi na shemeji yangu.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana ni dogo, upana wake haufiki hata kidole.

Moto unapoingia silinda ya tatu unapita kwenye kilango, vali, na kilango hicho kinasukumwa na nundu iliyopo kwenye shafti, ile fimbo ya chuma inayozunguka. Nundu ikiwa pana, kilango kinakaa wazi muda mrefu. Ikiwa nyembamba, kinafunguka kufumba na kufumbua, kinafunga. Shemeji alichora nundu nyembamba kiasi ambacho sijawahi kukiona katika miaka ishirini na tisa ya kazi. Nikautazama mchoro, nikaugeuza, nikasema maskini, amechoka, hapa kalamu imemponyoka.

Na sisi wakerezaji tuna desturi yetu. Yule mzee aliyenifunza kazi alikuwa anasema mteja husitiriwa. Mchoro ukija na kosa la wazi, husimami barabarani kumtangaza mwenzako kwamba hajui. Unarekebisha kimyakimya, unampa kitu kinachofanya kazi, anaondoka na heshima yake. Nimewasitiri wengi hivyo, na wengine walirudi kunisifu bila kujua walichokuwa wanakisifia. Basi na shemeji yangu nikamsitiri. Nikaiacha nundu pana kama zilivyo nundu za injini zote. Nakumbuka niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, nikaiangalia inavyong'aa, nikafurahi. Shafti ikafungiwa ndani ya kasha lake la chuma, boliti zikakazwa. Hakuipima. Kwa nini aipime, wakati nimeikata mimi?

Siku ya kuijaribu alikuja bwana mmoja mwenye vinu vya kusaga nafaka, vinu kumi na viwili. Ahadi yake ilikuwa wazi: injini mbili, kila moja na kinu chake, kila moja na lita mbili za dizeli. Ile ya Vyumba Vitatu ikidumu kuliko ile ya kawaida, anaagiza kumi na mbili. Watu walijaa uani, wengi wao wateja wangu mimi, kwa sababu ndimi niliyewaalika. Dada yangu alivaa nguo aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya siku hiyo. Shemeji alikuwa amepiga hesabu na kutuambia: ya kawaida dakika arobaini, yake hamsini na tano.

Ikawaka. Mungu wangu, ilivyowaka! Mlio wake ulikuwa mzuri, watu wakapiga makofi. Baada ya dakika kumi bomba la moshi likaanza kuwa jekundu. Baada ya ishirini huwezi kusogea karibu. Dakika ya ishirini na tisa ikakohoa, ikazima, na ile ya kawaida ikaendelea kusaga pale pembeni kwa raha zake mpaka dakika ya arobaini.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Vyumba vitatu na vyote vinaungua!" Watu wakavunjika mbavu. Mwenye vinu alikuwa mstaarabu, alimpa shemeji mkono kabla ya kuondoka, na hilo liliuma kuliko kicheko.

Shemeji alikuwa amechuchumaa mbele ya bomba, uso wake unawaka kwa joto. Nikamwona anafikiri. Kisha akanigeukia, akaniuliza polepole, bila kunishuku hata chembe, mbele ya watu wote:

"Shemeji, ile nundu ya kilango cha moto, uliikata kama nilivyochora?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mara moja. Kilango kilitakiwa kifunge mapema ili moto uliokwisha kuingia utanuke peke yake na kutoa nguvu zake zote. Mimi nilikuwa nimekiacha wazi, moto ukawa unamiminika ndani na kutoka nje na nguvu zake mfukoni. Mchoro ulikuwa sahihi. Mjuaji alikuwa mimi.

Na wateja wangu wamesimama pale, arobaini, hamsini. Mkerezaji hana kingine cha kuuza isipokuwa kipimo.

"Kama ulivyochora," nikasema.

Hakufungua kasha kuangalia. Mtu hafungui neno la shemeji yake akalikagua. Alitikisa kichwa tu, akasema, "Basi kosa liko kwenye hesabu zangu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilienda miaka tisa.

Kila siku nilikuwa naamka nikisema leo nitamwambia. Wiki ya kwanza nilingoja hasira ipoe, na hakuwa na hasira. Mwezi wa kwanza nikasema ngoja nipate nafasi tukiwa wawili. Tulikuwa wawili kila Jumamosi! Mwaka ukaisha, na kosa likawa si nundu tena, likawa ni mwaka mzima wa kunyamaza, na hilo nalieleza vipi? Yeye alirudi kwenye pampu zake, injini akaifunika magunia bandani pamoja na kinu kimoja alichoachiwa na mwenye vinu. Lakini jioni, akishakula, alikuwa anatoa madaftari. Dada alinieleza. Anaanza ukurasa wa kwanza, anapita kila mstari na penseli, anatafuta alipokosea. Akifika mwisho hajaona kitu, anaanza upya.

"Mwambie aache," dada aliniambia siku moja, machozi yanamlengalenga. "Wewe anakusikiliza. Ananitazama kama hanioni, anahesabu tu."

Nikamwambia nitazungumza naye. Nikaenda, tukazungumza habari za mpira. Roho ilikuwa inanisuta nikila, inanisuta nikiswali, na bado nilikuwa napokea chai mikononi mwa dada yangu na kusema asante.

Kilichonitoa kwenye ukimya huo ni Jumapili moja asubuhi, miezi michache tu iliyopita. Alinipigia simu mwenyewe, yeye ambaye simu humtoka kwa shida. "Njoo, shemeji. Nimelipata!"

Nilimkuta mezani, shati limefungwa vifungo, uso umekunjuka kwa namna ambayo sijaiona tangu siku ile ya majaribio. Dada alikuwa nyuma yake, amemwekea mkono begani, anatabasamu. Akanisogezea daftari. "Tazama. Ukurasa huu. Miaka yote nilidhani kuta za chumba cha moto zinapoteza joto kidogo. Zinapoteza jingi, mara nne zaidi. Ukiweka tarakimu hiyo, injini inadumu dakika ishirini na tisa kamili. Kwa hiyo haikuwezekana tangu mwanzo. Hata angekuja nani, isingewezekana." Akacheka kidogo. "Sasa nimepumzika."

Alikuwa amepiga mstari mwekundu juu ya hesabu iliyokuwa sahihi, na pembeni, kwa mwandiko wake safi, ameandika ya uongo. Kosa amelitafuta miaka tisa, na alipolikosa akaliumba, ili tu akili yake itulie. Nami ningeweza kumwacha. Kweli ningeweza; alikuwa na furaha, dada alikuwa na furaha, ningesema hongera, ningekunywa chai.

"Hesabu zako hazina kosa," nikasema. "Niliikata pana. Nundu. Niliona umekosea nikakurekebishia, halafu ukaniuliza nikasema uongo."

Dada alitoa mkono begani kwa mumewe, akanitazama. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Alichukua kikombe changu mezani, chai hata sijaionja, akakipeleka jikoni.

Shemeji yeye hakuinua macho. Nilitaka anitukane, aniambie mbwa wewe, anishike shati. Aliuliza tu, "Pana kiasi gani?" Nikamtajia kipimo, maana nilikuwa nimekihifadhi kichwani kama jina la mama yangu. Akachukua penseli. Akahesabu, mistari sita au saba, na mwisho ikatoka: dakika ishirini na tisa. Akaipigia mstari chini.

"Kuikata upya ni kazi ya muda gani?" akauliza.

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa miaka yote, kuliko matusi. "Saa nne," nikasema. "Tano ukitaka iwe safi."

"Saa nne," akarudia.

Tulienda karakana siku hiyo hiyo. Nilikata shafti mpya, naye alisimama ubavuni, na kila nilipotoa kisu alichukua kipimo chake mwenyewe akapima. Hakuwahi kupima kazi yangu maishani. Sikuthubutu kumtania wala kupiga kelele zangu. Tulimaliza, tukarudi, tukafungua kasha la injini, tukabadilisha shafti. Kesho yake asubuhi tukasafisha vali, tukabadilisha mpira uliooza, tukaifunga kwenye kile kinu cha zamani, tukatia gunia la mahindi na lita mbili. Hakukuwa na watu. Mwenye vinu alikwisha kuhamia umeme siku nyingi, vinu vyake vyote vinazunguka kwa mota, injini hana haja nazo hata ukimpa bure.

Ikawaka. Tulisimama sote watatu, dada kwenye kizingiti cha mlango, mikono kifuani. Dakika ya ishirini na tisa ikapita. Arobaini ikapita. Ilizima dakika ya hamsini na tatu. Alikosea mbili tu.

Nikangoja ashangilie. Nilidhani, nakiri, kwamba akifurahi nami nitapungukiwa mzigo, na ndiyo maana nilikuwa nimemkodolea macho hivyo. Yeye alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, taratibu.

"Siku ile nilikuwa na miaka arobaini na saba," akasema.

Nikasema, "Nisamehe, shemeji."

"Nimesikia," akasema, akaingia ndani.

Tangu hapo nimerudi kumwomba msamaha mara tatu, na hilo ndilo jibu.