Siku Pedali ya Klachi Ilipolala

Ukitaka ugomvi na Yordani, mwambie amekosea. Alizaliwa kwenye kambi za manamba Ngombezi, baba yake mkata mkonge, na mashine za kiwandani zikamfundisha kazi kabla hajaota ndevu. Mwaka sabini na tatu alihamia kijiji cha ujamaa cha Kwemkole, upande wa Handeni, yeye na mkewe Grasiana, akawa fundi wa pikapu ya kijiji. Gari lenyewe lilikuwa kongwe, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, lakini lilikuwa ndilo hilo tu. Boneti hakuifungua mtu ila Yordani. Hata dereva Athuman, aliyekuwa na mikono yake miwili na akili zake timamu, alikatazwa kugusa.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya kukunja vidole, pikapu ilipakia watu tisa wa kwenda hospitali Korogwe. Grasiana alikuwemo, shavu limemvimba kwa jino. Bi Swaumu, mama mzazi wa mwenyekiti Mdoe, aliketishwa juu ya gunia kwa sababu macho yalikuwa hayaoni tena vizuri. Athuman akakanyaga klachi, pedali ikalala sakafuni na isirudi. Gia ikagoma kuingia.

Mdoe akaagiza gari lisukumwe. Kwemkole iko mgongoni mwa kilima, na barabara inateremka kama maili moja hadi korongoni. Gari likishika mwendo, alisema, gia itaingizwa kwa nguvu na safari itaendelea. Athuman akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akasema kilima kile hateremki.

Enzi zile neno hujuma lilikuwa jepesi mdomoni. Wiki iliyotangulia Athuman alikuwa amembishia Mdoe mkutanoni mbele ya watu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kutafuta ushahidi mbali. Mgambo wakamfunga mikono. Mdoe akatamka kwamba fundi akilikuta gari ni zima, au limeharibiwa kwa makusudi, Athuman atalala polisi Handeni siku hiyo hiyo. Na waliopelekwa kwa jina hilo, wangapi uliwaona wakirudi upesi?

Yordani alifika na hukumu yake tayari kichwani: huyu ana tabia ya kuuweka mguu juu ya klachi safari nzima. Akalala chini ya gari. Pini ya pedali ilikuwa mahali pake, mpira wa oili haukuvuja, pampu ndogo ya chini ilikuwa kavu. Akadhani ni upepo umeingia. Akamwita mgambo mmoja apigepige pedali huku yeye akilegeza nati ili upepo utoke. Haukutoka upepo, wala haikutoka oili. Basi akapanda juu, akafungua kifuniko cha kikopo cha oili kilichokuwa karibu na injini, kile kimoja kinacholisha klachi na breki pamoja.

Ndani mlikuwa mweupe. Kitu kimeganda kama samli.

Alichota kwa kidole, akanusa. Nazi. Akaegemea taa ya gari. Kila kitu kilimjia kwa mpigo. Mwezi uliopita alikuwa amesafisha kopo tupu la oili ya breki akampa Grasiana atilie mafuta yake ya nazi ya nywele, na kopo hilo na lake la oili, yanayofanana kama mapacha, yalikaa pamoja chini ya kitanda. Wiki mbili zilizopita alipokuja kujaza oili, mchana wa jua kali, mafuta yakiwa maji kabisa na yeye ana mafua, alichukua kopo moja akamimina. Hakuangalia. Fundi gani anaangalia kopo lake mwenyewe? Jioni ile Grasiana alilalamika mafuta yake yamepungua, na Yordani, bila haya, akasema labda ni jirani yao Zuena, ana mkono mrefu. Neno likamfikia Zuena, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena mlangoni kwao.

Sasa raba zote ndani ya pampu zilikuwa zimevimba na kulainika. Zote, za klachi na za breki.

Mdoe alikuwa nyuma hatua kumi, hajaona kitu. Kitambaa kilikuwa mkononi. Kufuta mara moja tu, kisha kusema dereva kaiua klachi, nani angejua? Yordani akainua macho, akamwona Grasiana anachungulia pembeni ya bodi la nyuma, anakitazama kile cheupe kidoleni mwake. Alikijua. Akangoja.

"Mwenyekiti," Yordani akasema, "aliyeharibu gari ni mimi. Nimetia mafuta ya nazi mahali pa oili. Kanyaga na breki hiyo uone."

Mdoe akanyoosha mguu kupitia mlangoni, akabonyeza. Pedali ya breki ikazama mpaka chini, taratibu, bila ubishi wowote. Akageuka kuutazama mteremko.

Hakuna aliyewaamuru watu kushuka. Walishuka wenyewe, mmoja mmoja, wengine wakiwa wameshikana mikono. Mdoe alimbeba mama yake mwenyewe mikononi, na Bi Swaumu akawa anauliza mbona mwanangu unanishusha, kumetokea nini. Alipomweka chini akaenda kuifungua kamba ya Athuman, fundo likamshinda. Yordani ndiye aliyeikata, kwa kisu chake cha kazi.

Athuman alijisugua vifundo vya mikono, akamgeukia fundi.

"Jana jioni nilikuja kwako," akasema. "Nikakwambia breki nayo imekuwa laini. Ulinijibuje?"

Yordani alikumbuka vizuri. Alikuwa amecheka, akamwambia dereva akae kwenye usukani, ufundi awaachie mafundi.