Siku Simu ya Min Atieno Iliposoma Picha Zangu

Mpaka leo nikiwa Homa Bay mjini nikaona wigi limekaa upande, nabadilisha njia, maana ile aibu nilijitengenezea kwa vidole vyangu mwenyewe.

Mnanijua, shule niliiacha kidato cha pili, nikasaga mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Osiri, nikaanika omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, halafu nikajifundisha kutengeneza tovuti kwa simu yenye kioo kilichopasuka (mimi kila kitu lazima nijue kinafanyaje kazi). Basi kikundi cha akina mama wauza omena kikatupa kazi sisi watatu: Odhis wa rangi, Achieng wa maneno, mimi wa kuunganisha. Aliyewasukuma ni mteja wao Min Atieno, yaani mama yake Atieno, ambaye haoni. Alitaka kuagiza magunia yake mwenyewe, kwa simu inayomsomea kwa sauti, bila kumwomba jirani anayejua biashara yake yote.

Sasa, kila picha kwenye tovuti ina nafasi ya maelezo yasiyoonekana. Odhis alidhani ni kazi ya Achieng, Achieng akadhani ni yangu, na mimi nikadhani hakuna anayeyasoma, kwa hiyo nikaandika vijina vya kunisaidia kutofautisha picha.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa kanisa umejaa, maombi yameisha, nami kwa sifa zangu nikaunganisha simu ya Min Atieno na spika kubwa, eti wote wasikie teknolojia. Wakasikia.

"Picha. Mama mkali, wigi limehama."

Mwenyekiti wa kikundi akashika wigi lake kichwani.

"Picha. Katibu amelala, nzi anakaribia mdomo."

Nikakimbia kuchomoa waya, nikajikwaa, nikaangukia meza ya soda, na spika ikaendelea tu (waya niliovuta ulikuwa wa feni).

"Omera, ndugu yangu, hii wigi ilikukosea nini?" mwenyekiti akauliza.

"Picha. Min Atieno, haoni, lakini anacheka kuliko wote."

Watu wote wakamgeukia Min Atieno.

"Huyo ni mimi?" Min Atieno akasema. "Miaka yote napigwa picha, hakuna aliyewahi kuniambia ninavyotokea." Kisha akatelezesha kidole kutafuta pa kuagiza.

"Kitufe," simu ikasema. "Kitufe. Kitufe." Vyote havina jina.

"Sasa nyathina, mwanangu, wigi ya mwenyekiti umenieleza vizuri. Omena iko wapi?"

Hilo liliniuma kuliko soda iliyonilowesha. Tukaketi naye palepale sote watatu, yeye anasikiliza, sisi tunarekebisha, mpaka simu ikatamka, "Agiza gunia." Akabonyeza mwenyewe, magunia mawili. Mwenyekiti akapiga vigelegele, mkono mmoja juu ya wigi.

Tangu hapo sikabidhi kazi kabla sijajifunga leso machoni na kuisikiliza yote. Picha ya mwenyekiti sasa inasema amevaa gauni la kitenge, basi. Ya Min Atieno nilitaka kuibadilisha pia, akanishika mkono.

"Hiyo usiguse."