Jina Langu Lilipoitwa

Kila ninaposikia harufu ya chokaa mbichi, moyo hunirudisha kwenye shule ya wasichana ya misheni, nje kidogo ya Shinyanga. Masista walizipaka kuta kila mwaka, na kila mwaka moshi wa zamani ulichungulia tena, maana wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza askari walilifanya bweni letu kambi na kuwasha moto humo humo ndani. Sisi tulikuja baadaye na mikeka yetu.

Mnivumilie, nilikuwa mtoto wa hofu. Nilikunja blanketi mpaka pembe zilingane, kisha nikalikunjua nikaanza upya. Mtoto wa namna hiyo angeitikia jina lake vizuri kuliko wote. Lakini mama aliponileta, alinishika bega langoni akasema, "Kabula, hapa wakikuita jina, usiitike."

Hakusema kwa nini. Asubuhi tukapangwa uwanjani, Sista akaita, "Kabula!"

Niliubana mdomo.

"Yupo, Sista!" wenzangu wakacheka. "Huyu hapa, kameza ulimi!"

Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka wakanibandika jina la Bubu. Mwishowe Sista akasema, bila hasira, "Asiyeitika hayupo. Jumapili mama yako akija, utarudi naye nyumbani." Nami shule nilikuwa nimeshaipenda, hata lile jiko lake la moshi.

Jumapili mama alifika na kibuyu cha maziwa. Sista alipomweleza, mama aliutazama uwanja, kisha akaniambia polepole, kwa Kisukuma, kwamba hapo ndipo askari walipowapanga wanaume na kuwaita majina. Aliyeitika alitwishwa mzigo wa jeshi akaondoka nao. Baba aliitika. Ile safari yake, ambayo nilikuwa bado nikimsubiri arudi, ilianzia pale tuliposimama.

"Unataka kubaki?" akaniuliza.

"Nataka, mayu."

Sista, ambaye hakuelewa maneno yetu, akajaribu tena kwa upole. "Kabula!"

"Nipo!" Ilikuwa sauti ya mama.

Wasichana wakaangua kicheko. "Mama Kabula naye anaanza darasa la kwanza!" Hata Sista alicheka. Mimi niliona aibu kwamba mama amekosea, nikaitika haraka ili nimsahihishe: "Nipo, Sista."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikuwa akinionyesha tu namna ya kuitika. Sasa nina binti wa kubeba mgongoni, na nimeelewa. Mama alitangulia kuitika ili, kama pale uwanjani palikuwa pamebaki mzigo wowote, atwishwe yeye.