Nukta za Siku Nisizokwenda

Mama anakaa mtaa wa Nyakabiga, mjini, na mdogo wangu wa kike, katika nyumba ileile tuliyokulia. Mimi niliolewa Kajaga, nje ya mji kando ya ziwa, na nafundisha takwimu katika chuo kimoja mjini. Jumapili ilikuwa siku yangu ya kumwona mama, na siku nyingine nilipitia nikipata nafasi. Daktari alipotuambia kwamba presha yake inapanda na kushuka licha ya dawa, bila sababu inayoonekana, nilijiona ndiye mtu wa kuitafuta sababu hiyo.

Nikanunua mashine ndogo ya kupimia. Kila jioni mdogo wangu alimpima mama na kunitumia kipimo kwa simu, akiongeza mama amelala kwa muda gani, kama amechoka, kama nilikuja na nilikaa kiasi gani.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia: ukitaka kujua kama mambo mawili yanakwenda pamoja, usikimbilie hesabu. Chora kwanza. Jambo moja liweke kwenye mstari uliolala, la pili kwenye uliosimama, kisha kila siku ipe nukta yake. Kifaransa tunachofundishia kinauita mchoro huo wingu la nukta. Wingu likiinama upande mmoja, kuna jambo la kuuliza.

Nilichora saa za usingizi na presha. Nukta zikatapakaa kama mchele uliomwagika. Halafu, kwa mchezo tu, nikachora saa nilizokaa na mama kwenye mstari uliolala, na presha kwenye uliosimama.

Nukta zikapanda. Siku nisizokwenda zilirundikana chini kushoto. Siku nilizokaa mpaka jioni zilikuwa juu kulia, zimefuatana vizuri kuliko mfano wowote niliowahi kuwaonyesha wanafunzi.

Nawafundisha pia kwamba kwenda pamoja si kusababishana. Lakini sikuhitaji kusadikishwa. Kila nikienda nilikuwa namsumbua mama ahamie kwangu Kajaga, naye alikuwa hataki, na mara nyingi tuliagana tumenuniana. Nikasema moyoni: ni mimi.

Nikaacha kwenda. Nilimpigia simu nikamwambia kazi zimenizidi.

“Apana shida, mwanangu,” alisema. “Mi niko. Utakuja dimanche ingine.”

Jumapili hiyo, dimanche ya mama, ikapita, na nyingine. Nilikuwa nasubiri nukta zishuke. Za katikati ya wiki zilikuwa nzuri, lakini za Jumapili ziliruka juu kushoto, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kitu: saa zangu sifuri, presha juu. Niliziangalia nikakasirika, kana kwamba mdogo wangu amekosea kupima. Sikuuliza. Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi, kwa sababu nukta zilikuwa zinaniambia wazi kwamba nimekosea.

Jumapili iliyofuata mama alipata kizunguzungu uani, akaanguka, akavunjika mkono. Nilimkuta hospitalini amefungwa plasta. Mdogo wangu alinivuta koridoni, akafungua pindo la kitenge cha mama. Ndani kulikuwa na vidonge.

“Vya dimanche hivi,” alisema. “Dawa inamupeleka choo kila saa. Ukikuja hataki kuinuka, anasema we unatoka mbali, hawezi kukuacha peke yako. Ukiondoka mapema, anakunywa. Ukikaa mpaka magaribi, anaacha.”

“Lakini sikuja!”

“Alikuwa anakungoja, dada. Asubuhi anavaa, anakaa pale mlangoni. Kidonge anakificha, akisema pengine utakuja.”

Nilikaa kwenye benchi nikashindwa kulia, maana watu walikuwa wanapita.

Daktari alibadilisha dawa. Ya sasa haimsumbui sana, na mkono umepona ingawa hawezi tena kukamua nguo. Siku moja, kabla hajatolewa plasta, aliniuliza zile namba nilikuwa nazifanyia nini. Nikamwonyesha mchoro kwenye simu na kumweleza: huku saa zangu, huku presha yako. Aliutazama kwa muda, akaweka kidole juu kushoto.

“Na hizi?”

“Hizo ni siku ambazo sikuja, mama.”

“Ulizani unanigonjwesha?”

Nikaitika kwa kichwa. Alinirudishia simu.

“Ungeniuliza,” alisema, bila hasira, akaanza kuniambia habari za jirani aliyejifungua.

Sasa naenda Jumapili na hata katikati ya wiki, na habari za Kajaga nimeziacha. Akitaka kwenda chooni bado anasema, “Unisamehe, mwanangu, narudi sasa hivi,” na mimi najibu, “Nenda mama, niko.” Neno hilo la kusamehe ndilo nililotakiwa kulisema mimi. Kila mara nakusudia kulisema akirudi. Anarudi, anakaa, ananiuliza kama watoto wamekula, na tunaanza kuongea mambo mengine.