Viatu vya Mama wa Hanga

Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa masokoni, nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika karakana ya miguu ya bandia, hospitalini Songea. Mguu wangu wa mtihani nilimtengenezea mama mmoja mkulima wa Hanga. Mguu hupimwa pamoja na kiatu ambacho mgonjwa atakivaa, maana kisigino kikizidi kidogo tu, mwendo unaharibika. Yeye alileta viatu vyeusi vya mtumba, vya kuendea kanisani.

Mtahini alitakiwa kumwona akitembea, la sivyo sipati cheti. Malaria ikamwahi yule mama, akafariki kabla ya siku hiyo.

Dada yake mkubwa akaja kuuomba mguu, wamzike akiwa na miguu yote miwili. Msimamizi wangu, mtu mkali asiyetoa hata msumari bure, aliniambia tu niende mochwari nikamvalishe.

Nilimvisha soksi kwenye kigutu, nikanyoosha mikunjo, nikauvika mguu na kufunga mikanda yake, nikamvalisha viatu. Kisha mazoea yakaniponyoka mdomoni: "Mama, unakubana?"

Dada yake, aliyekuwa amesimama kando yangu, akainama, akaupapasa mguu taratibu.

"Haumbani, mwanangu," akanijibu. "Umemkaa vizuri."