Kitenge Kilichokuwa Mkononi mwa Bibi Yako

Nakumbuka, mwanangu, siku bibi yako aliponishika mkono tukaingia duka la nguo la Baba Yasini, pale Mhunze. Nilikuwa mdogo, macho yangu yalifika kwenye kaunta tu.

Baba Yasini alikuwa Mhindi wa pale pale. Duka lilijengwa na babu yake, na Kisukuma chake kilikuwa kinawashinda hata walimu wetu. Huwezi kuvuka mlango hujasalimiwa. "Mwangaluka, Mama Nkwimba! Ng'ombe wazima? Mvua huko Songwa imefika?" Nkwimba ndiye mimi. Bibi yako anajibu yote, la ng'ombe na la mvua, halafu anakaa kwenye benchi, analetewa maji ya kunywa, ndipo vitenge vinaanza kushushwa. Siku hizi mtu akikaa hivyo dukani anaulizwa kama anaumwa.

Siku ile alipenda kimoja cha kijani. Akakipeleka mlangoni akakiangalie kwenye jua. Akakikunja, akakikunjua, akakivuta kwa pande zote. Baba Yasini mwenyewe akamletea maji kwenye kikombe achovye pembe, aone kama rangi inatoka. Hakukuwa na haraka, na mimi nilikuwa nalamba pipi niliyopewa bure, kwa hiyo wangekaa mpaka jioni nisingelalamika.

Mara akaingia dalali wa almasi na mkewe. Mkufu shingoni, gari ameliacha linanguruma nje.

"Baba Yasini, hicho cha kijani. Nifungie chapchap," dalali akaamuru.

"Hicho kimeshikwa na mtu."

"Ananunua?"

"Sijui. Hajakiachia."

Yule dalali akacheka. "Yaani unaacha biashara ya uhakika kwa sababu ya mama anayepapasa tu?"

"Benchi lile pale," Baba Yasini akamwambia. "Kaa. Maji yapo."

Na alikaa, mwanangu! Tajiri mzima alikaa karibu yangu na mkufu wake, akimsubiri mama yangu aliyekuja kwa baiskeli ya kupakiwa. Unajua bibi yako alifanya nini? Alikikunja kile kitenge vizuri, akakirudisha kaunta, akasema hakikumkaa rohoni. Hakununua kitu. Baba Yasini akamwambia karibu tena, wasalimie nyumbani, ndipo akamgeukia dalali. Njiani nilimuuliza bibi yako mbona yule baba mwenye gari alisubiri. Akanishangaa. "Sasa angefanyaje, na nilikuwa nimekishika mimi?"

Hivyo ndivyo nilivyokua. Nilidhani duka lolote duniani liko hivyo.

Sasa nikwambie la mwaka huu, uelewe kwa nini mama yako nimenuna mwezi mzima.

Mama yako mdogo Minza alikuwa anaolewa. Kamati ikachagua kitenge cha sare kwa akina mama wote wa upande wetu, picha ikatumwa kwenye grupu la harusi. Bibi yako hayumo kwenye grupu. Ana kitochi chake cha kupiga na kupokea, basi. Nikamwambia, mama, nikuagizie kwa simu, utaletewa na basi. Akakataa. "Nguo ya kumwozea mwanangu nitaishika kwanza." Nilimwelewa. Mwanamke aliyezoea kuchovya pembe ya kitenge kwenye maji huwezi kumwonyesha picha ukamwambia ndiyo hiyo.

Akapanda gari toka Songwa mpaka huku kwetu Kahama. Tukazunguka maduka, wewe mgongoni. Kila mahali kimeisha. Tukakipata duka moja la mjini, cha mwisho, kimetundikwa ukutani. Bibi yako alitabasamu mpaka nikaona pengo lake.

Binti wa dukani alikuwa amesimama mbele ya taa ya duara, anauza laivu kwa watu wanaomtazama kwenye simu. Bibi yako akamsalimia. Mama mwenye mvi anasalimia, binti anasema na simu: "Karibuni wapendwa, karibuni, gonga moyo hapo!" Nikakishusha kitenge mwenyewe nikampa bibi yako. Akaanza mambo yake, kuvuta, kukunja. Maji ya kikombe hayapo, akalowesha kidole kwa mate akasugua pembe.

Yule binti akasogea na simu yake. Nikadhani anakuja kutuhudumia. Kumbe anaichukua picha ile nguo ikiwa mikononi mwa bibi yako! "Mnaona jamani, sare ya moto, hiki ndicho cha mwisho, anayekitaka aandike 'changu'." Alimgeuza mama yangu msumari wa kutundikia nguo. Bibi yako naye, maskini, akakinyoosha vizuri ili kionekane. Alidhani anasaidiwa.

"Kimeenda! Dada wa Geita, asante, muamala nimeuona." Ndipo akamgeukia bibi yako. "Mama, nipe hicho, kimeshanunuliwa."

"Kimenunuliwa na nani? Mbona nimekishika mimi?"

"Na mteja wa laivu. Halafu umekitia mate, mama, unalowesha mzigo wa mteja!"

"Na mimi ni nani?" bibi yako akauliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Mimi sikuwa mpole. Nilimwambia yule binti huyu ni mama wa bibi harusi, ametoka Songwa kwa ajili ya hicho kitambaa, na hata shikamoo yake hujaitoa. Akanijibu, "Dada, hapa ni biashara siyo msibani. Mngeingia laivu kama wenzenu." Tuingie laivu! Tumesimama mbele yake, anasikia hadi harufu ya jasho letu, anatwambia tuingie kwenye simu ndipo atuone.

Bibi yako akanishika bega. Akakikunja kile kitenge taratibu, pembe kwa pembe, kama alivyokikunja kile cha kijani, akakiweka kaunta. "Mwambie huyo dada wa Geita rangi haitoki," akasema. Akatoka.

Kwenye harusi alivaa kitenge chake cha zamani. Nilimpa changu cha sare, lakini kilikuwa kimeshashonwa kwa kipimo changu, na mwili wangu haufiki hata nusu ya wa bibi yako. Basi na mimi sikukivaa, wala kwenye picha sikujipanga. Mpiga picha alipokuwa anapanga akina mama nyuma ya Minza akasema, "Mama wa rangi tofauti, sogea pembeni kidogo, unaharibu." Nilipiga kelele ukumbi mzima ukageuka: huyo ndiye aliyemzaa! Yule kijana akaomba radhi, tena sana. Lakini bibi yako alikuwa ameshaondoka, eti anakwenda kuangalia wali. Picha ile ipo ukutani kwa Minza. Wapo mama wakubwa, wapo mashangazi, wapo majirani. Bibi yako hayupo.

Mwanangu, simu siichukii. Nguo za watoto ninazouza nauza kwa simu hiyo hiyo, na wateja wangu wa machimboni nisingewapata kwa miguu. Yule dada wa Geita simlaumu. Aliona mikono miwili na kitambaa, angejuaje mikono ni ya nani? Aliyejua ni yule binti aliyesimama hatua moja kutoka kwetu.

Kwa hiyo nakwambia, na ulishike hili hata nikiwa sipo. Siku ukiuza, chochote, iwe dhahabu au karanga, aliye mbele yako ndiye wa kwanza. Mwamkie kabla hujamwangalia mfukoni. Alichokishika usikiuze mpaka akiachie mwenyewe, hata akichelewa, hata mwishoni asinunue. Aliye kwenye simu mwambie asubiri kidogo, nina mtu. Akiwa muungwana atasubiri. Akikasirika, mwache akanunue kwingine. Na siku ukiwa mnunuzi wewe, uliza kwanza kama kuna aliyekishika.

Mungu akujalie mikono ya kupokea watu, mwanangu. Akupe duka lenye benchi, na wateja wasioogopa kukaa. Na bibi yako akija kwako mzee kabisa, haoni vizuri, anapapasa tu, Mungu akupe subira ya kumletea maji.