Hodi Tatu Nyumbani kwa Bwana Taibali

Tuliondoka Mtongwe kwa ajili ya dadangu Zuhura. Alikuwa akikaa mjini na mumewe Athumani, mpishi wa Bwana Taibali, mchoraji wa majumba. Muuza samaki wetu, Mwinyi Haji, alituletea habari kuwa Zuhura kashikwa na uchungu, na mtoto kakaa vibaya. Kilichofuata hakukijua.

Alfajiri tukashika njia ya Likoni kwa miguu, mamangu Bi Mwanahamisi mbele na kuku kwapani, mimi nyuma na pilipili manga ya uji wa mzazi. Feri ilijaa wanajeshi wa vita. Mama hakuwaona, anavuta uradi tu.

Mjini kila tuliyemuuliza aliijua nyumba. Wengine Bwana Taibali aliwachorea kwa malipo. Hii kajichorea mwenyewe: nyembamba, orofa tatu, roshani za nakshi, kuta nene kama za ngome. Mlango umefungwa.

"Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya. Ya tatu sauti ikamkatika mama. Kwetu hodi tatu zikikosa jibu, mtu hurudi alikotoka. Akaanguka barazani.

"Hawamo. Wamekwenda kumzika mwanangu."

"Usiseme hivyo, mama. Tuite tena."

"Mara ya nne, Mwanasha? Adabu yako iko wapi?"

Mara dirisha la juu likafunguka, akachungulia mzee mwenye miwani.

"Nyie akina mama, mwamngoja nani? Vuteni hiyo kamba ya kengele! Nyumba hii niliichora kelele za njiani zisiingie. Hodi nayo haiingii!"

"Zuhura je?" Mama hata salamu kasahau.

"Yuko ndani, analalamika uji hauna pilipili. Mwanawe naye analia tangu jana. Kelele hiyo sikuichora mimi!"

Tukapita ukumbi mrefu, tukatokea ua wa ndani wenye jua, chumba cha Zuhura pembeni. Kajilaza, kakonda, anacheka. Mama akampapasa uso, kisha miguu, ndipo akamgeukia Athumani.

"Mbona hukutuma mtu?"

"Nimemtuma asubuhi, mama. Mmepishana naye."

Alasiri nikarudi peke yangu, mama kabaki kumkanda mzazi. Njiani nilicheka mwenyewe kama mwehu. Tangu siku ile, nikikosa jibu mlangoni sianzi na msiba. Kwanza napapasa kutafuta kamba.

Mtongwe, shangazi Mishi, aliyeshinda shamba mjumbe wa Athumani asimkute, aliniona naja bila mama. Akajishika kichwa, akaanza kulia.

"Nyamaza, shangazi," nikamwambia. "Umepata mjukuu."